Kidonda Kilichofunga Upesi

Mtoto alinyonya kwa kelele. Wala si zile kelele za utamu ambazo watoto wengine hutoa wakikaribia kushiba. Huu ulikuwa mlio wa kushika na kuachia, ka, ka, ka, kama mtu anayehangaika na kitasa kibovu, kisha kimya, kisha kilio. Fundi aliusikia akiwa kibarazani kwenye cherehani yake, na kila ulipokatika, mguu wake nao ulisimama juu ya kanyagio. Alijua kinachofuata. Kutoka chumbani mkewe angevuta hewa kwa meno kama mtu aliyekanyaga kaa la moto, halafu angesema kwa sauti ya kujikaza, "Haya mama, haya, tujaribu tena."

Mke huyu hakuwa mtu wa kudeka. Alikuwa dobi wa nyumba ya wageni, kazi yake mashuka ya watu wasiomjua, na vidole vyake vilikuwa vimepasukapasuka kwa sabuni kali na dawa ya madoa. Alirudi kazini mtoto akiwa bado hajakaza shingo, maana mwenye nyumba ya wageni alimwambia wazi kwamba mashuka hayamngoji mtu. Asubuhi aliondoka, mchana akakimbia nyumbani kunyonyesha, kisha akarudi tena kwenye mabeseni. Yote hayo aliyameza. Lakini chuchu zilizochanika, zinazotoa damu kila mtoto anaposhika, hizo zilimliza, na alilia huku ameuma kitambaa ili mama mkwe asimsikie.

Mama mkwe alisikia. Nyumba ya vyumba viwili itaficha nini?

"Maziwa mepesi hayo," bibi mtu alisema kutoka upande wa pili, akichambua mboga. "Maji matupu. Mtoto anavuta, anakutana na maji, anaachia. Ungekuwa wewe usingelia?"

"Mama, maziwa yapo. Yanamwagika mpaka nguo zinalowa."

"Kumwagika ndiyo nini? Hata bomba linamwagika."

"Basi mwambie mjukuu wako akanyonye bombani," mke akajibu, na bibi mtu akacheka bila kupenda, maana mkwe wake hakosi jibu.

Fundi aliyasikia yote na hakusema kitu. Watu walishazoea asiseme kitu. Mtaani walimwita Fundi Pini, kwa sababu saa zote alikuwa na pini mdomoni, amezibana kwa midomo, nyingine wala hana kazi nazo. Mtu mwenye pini mdomoni haulizwi mambo mengi. Mteja akija, fundi anamwonyesha kwa kidole mahali pa kusimama, anampima, anaitikia kwa kichwa, biashara imekwisha. Wengi walidhani huo ndio ustadi wenyewe. Kumbe ulimi wake ulikuwa mzito tangu utotoni, na mwanamume huyu aliyeshona suruali nyingi kuliko fundi yeyote wa mtaa ule hakuwahi hata siku moja kulitamka neno suruali mbele ya watu. Alisema "nguo ya miguu." Vijana wa kijiweni walikuwa na mchezo wao: wanamletea kitambaa na kumuuliza kwa adabu zote, "Fundi, hii itatoka nini?" Naye anacheka nao, pini zake mdomoni, kana kwamba hajaelewa wanachotaka.

Sasa lililomkaa rohoni ni hili. Siku moja mtoto akilia, mdomo wazi, alimwinamia akaona: ncha ya ulimi imeingia ndani katikati, imevutwa chini na utando mwembamba, mweupe. Aliujua ulimi ule. Alikuwa akiuona kwenye kioo chake mwenyewe akinyoa ndevu. Angeweza kusema siku ile ile. Lakini aibu aliyoibeba tangu shuleni ilimshika mdomo. Akamfunika mtoto vizuri, akarudi kwenye cherehani, akatia pini zake mahali pake.

*

Kliniki, mizani haikuona haya. Mtoto alikuwa amepungua. Muuguzi, mama wa makamo mwenye miwani inayoning'inia kifuani, alimpima tena, akanawa, akaingiza kidole cha mwisho chini ya ulimi wa mtoto, akakipitisha huku na huku.

"Huyu ulimi wake umefungwa," alisema. "Kuna utando hapa chini unamvuta. Hawezi kulishika ziwa, analitafuna kwa ufizi. Ndiyo maana unaumia, mama. Si maziwa."

"Si maziwa?"

"Maziwa yako hayana neno."

Mke wa fundi alifumba macho. Muuguzi akaendelea: "Mara nyingi hali hii inatembea katika ukoo. Kwenu yupo mwenye hivi?"

"Kwetu hapana."

"Baba, kwenu je?"

Fundi akatikisa kichwa kukataa. Chumba kilikuwa kimoja tu, pazia lake limechanika, na benchi zima la akina mama lilikuwa pale pale likisubiri zamu na kusikiliza. Muuguzi alimtazama fundi mdomoni, si machoni.

"Unafanya kazi gani, baba?"

"Fundi."

"Fundi wa nini?"

"Nguo."

"Nguo gani?"

Loo! Pini amezisahau nyumbani, na swali lile lile la vijana wa kijiweni limemfuata mpaka huku. "Za miguu," alisema. Mama mmoja benchini akaangua kicheko, akakigeuza kikohozi. Muuguzi hakucheka. "Toa ulimi, baba."

"Mimi?"

"Wewe. Toa tu, hakuna anayekukata leo."

Akautoa. Haukuvuka mdomo wa chini. Ulisimama pale umejikunja ncha, na mtu mzima, baba wa watu, akabaki ameachama mbele ya wanawake asiowajua kama mtoto anayekaguliwa meno.

Mkewe alimtazama kwa muda mrefu. Alijua siku zote kwamba mumewe ana kithembe, na alikipenda kile kithembe kama mtu anavyopenda kovu la mtu wake. Hakuwahi kujua kwamba kina chanzo, wala kwamba kina dawa. Walipotoka nje, mkononi karatasi ya muuguzi ya kuwapeleka hospitali kubwa wakakatwe utando, alisema, "Ulikuwa unajua."

"Nilidhani ni mimi tu."

"Na mtoto ulimwona?"

Fundi akatazama barabara. Lakini mkewe siku ile alikuwa ametoka kuambiwa kwamba maziwa yake hayana neno, na furaha hiyo ilimfanya mkarimu. Akamsamehe kabla hajaombwa. "Basi," alisema. "Mtatibiwa wote wawili, wewe na mwanao. Na wewe utajifunza kuongea nami kama binadamu."

*

Hospitali kubwa ilikuwa na chumba maalumu kwa kazi hiyo. Daktari alikata, muuguzi akafundisha kunyonyesha, na mtaalamu wa matamshi, mwanamke mnene mcheshi ambaye wagonjwa walimwita Mwalimu, ndiye aliyeshughulika na yote yanayobaki. Na Mwalimu alipenda kuwaambia watu kwamba yanayobaki ndiyo matibabu yenyewe.

"Kukata ni kufumba na kufumbua," aliwaambia. "Watu wanadhani wakishakatwa wamepona. Wapi! Mdomo una haraka ya kufunga kidonda. Ukiuacha, utaunganisha pale pale palipokatwa, tena pengine kwa kukaza zaidi. Kwa hiyo kutwa nzima, kila baada ya saa chache, mtamwinua ulimi hivi, kwa vidole viwili, mtamsugua taratibu pale penye kidonda. Mtaona pameweka weupe. Si usaha, msiogope. Atalia. Atawalilia kweli kweli. Ninyi mfanye tu."

"Nitamfanyia mimi," mke alisema.

Mwalimu akamshika mikono, akaigeuza kiganja juu. "Kwa vidole hivi? Hapana, mama yangu. Vimechanika na vina dawa za kufulia, hatuvitii kwenye kidonda. Atafanya baba. Kazi yake iko nyumbani na vidole vyake vya sindano, vyepesi. Sivyo, baba?"

Fundi akaitikia kwa kichwa.

"Hapana, hapana. Hapa kwangu vichwa haviongei. Sema."

"Nitafanya," alisema fundi.

Mtoto alikatwa. Alipiga ukelele mmoja, tone la damu likaingia kwenye pamba, na kabla hajajua aendelee kulia au anyamaze alikuwa kifuani kwa mama yake. Chumba kikatulia. Ulisikika mlio wa kumeza tu, mafunda marefu, moja baada ya jingine. Mabega ya mke wa fundi, ambayo tangu ajifungue yalikuwa yamepanda mpaka masikioni, yakashuka. Alimtazama mumewe, machozi yanamtiririka, anacheka.

"Haumi," alisema. "Baba, haumi!"

Moyoni fundi aliapa kwamba kwa ajili ya uso ule atafanya lolote atakaloambiwa. Na aliapa kwa dhati, hilo tumpe.

*

Siku ya kwanza alifanya kama alivyofundishwa. Alinawa mpaka kwenye viwiko, akamlaza mtoto mapajani, akaingiza vidole, akainua. Mtoto alilia mpaka pumzi ikamkatika. Akabaki mdomo wazi bila sauti, macho yamemtoka, kisha sauti ikarudi kwa kishindo. Bibi mtu alitoka nje na sufuria yake mkononi. Siku ya pili hakutoka. Alisimama mlangoni.

"Unamtesa."

"Wamesema, mama."

"Waliosema wako wapi? Hawapo hapa kumsikia. Wewe mwenyewe hukunyonya, nilikukamulia kwa kijiko, na umekua, una mke. Nani alikuchokonoa mdomoni?"

Siku zile za mwanzo alishikilia. Halafu asubuhi moja alipotoa kidole, kikatoka na damu. Kidogo tu, kama ya mtu aliyejichoma sindano, na vidole vyake vilishatoa damu ya namna hiyo mara ngapi? Lakini hii ilikuwa ya mtoto. Alirudi kwenye cherehani, akashindwa kutunga uzi.

Na hapo ndipo ufundi wake ulipompoteza. Kitambaa ukishakikata, hukivutivuti ukingoni. Ukikivuta kinafumuka nyuzi, kinaharibika, hata mshono haushiki. Unakilaza, unakiacha kitulie. Hilo alilijua kuliko jina lake, amelijua tangu yuko mwanafunzi wa cherehani, na hakuna mtu aliyewahi kumshinda kwa hilo. Sasa iweje kidonda, kitu chororo kuliko hariri, kivutwe kila saa? Alijiambia atakipumzisha kidogo. Leo tu, kitulie.

Mchana mkewe alirudi mbio, jasho linamtoka. "Umemfanyia?"

Akaitikia kwa kichwa, pini mdomoni.

"Alilia sana?"

Akaonyesha kwa kidole na gumba: kidogo.

"Ubarikiwe. Mimi nisingeweza," mke alisema, akaketi, akafungua vifungo. Bibi mtu alikuwa pale pale anapepeta mchele. Aliinua macho kwa mwanawe, akayarudisha kwenye ungo.

Siku iliyofuata uongo ulikuwa mwepesi zaidi, na ya baada yake ukawa desturi. Kila asubuhi, mkewe akishaondoka, fundi alimfungua mtoto mdomo na kuchungulia. Weupe ulipungua. Kingo zilikuja pamoja, zikakutana sawasawa, bila mkunjo, kama mshono wa mtu anayejua kazi yake. Fundi alifurahi. Jamani, alifurahi! Aliambiwa hospitalini kwa maneno yasiyo na kona kwamba kufunga huko ndiko ubaya wenyewe, lakini alichokiona ni kidonda kinachopona na mtoto asiyelia, na mikononi mwake vitu vilivyofungana vizuri siku zote vilikuwa ndiyo kazi nzuri.

*

Ulimi wake mwenyewe ulikatwa wiki iliyofuata, kwa sindano ya ganzi. Na hapa ndipo pa kumshangaa. Mtu huyu aliyeshindwa kumwona mwanawe akilia alijitesa bila huruma. Alisimama mbele ya kioo, akanyanyua ulimi mpaka kaakaani, akaushikilia hapo huku machozi yakimchuruzika, akatema damu, akaanza upya. Alilamba mdomo wa juu, akalamba wa chini, akapiga ulimi kama mtu anayemhimiza punda. Maumivu yake yalikuwa yake, aliyaamuru atakavyo.

Kila wiki alikwenda kwa Mwalimu, na kila wiki Mwalimu alimpigia makofi. "Wagonjwa wote wangekuwa kama wewe, mimi ningestaafu. Na mtoto je?"

"Anaendelea vizuri."

"Mlete nimwone."

"Wiki ijayo. Mama yake hana ruhusa kazini."

Angeweza kumbeba yeye mwenyewe. Mtoto alikuwa nyumbani, mikono anayo miwili. Hakumbeba.

Kisha ikafika ile siku. Kijana mmoja wa kijiweni alileta kitambaa, wenzake wakiwa nyuma yake wameshaanza kubana vicheko. "Fundi, hii itatoka nini?"

Fundi alitoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye kijimto chake cha sponji. "Suruali," alisema. Ilitoka nzima, haina doa. Vijana wakatazamana. Yule mwenye kitambaa akabaki anajikuna kichwa, maana hakuwa na haja ya suruali.

Mkewe alipoambiwa alicheka mpaka akashika ukuta. "Sema tena."

"Suruali."

"Tena, baba, tena!" Na usoni mwake palikuwa na fahari tupu. Lakini alikuwa amemshika mtoto, na fundi aliona mabega yale yameanza kupanda.

*

Mlio ulirudi taratibu. Kwanza mara moja moja, halafu kila mara. Ka, ka, ka. Mke alibadilisha mkao, akaweka mto, akalala ubavu, akakaa wima. Alikunywa uji mpaka tumbo likamuuma. Kazini aliomba kwenda chooni kukamua, na mwenye nyumba ya wageni akamuuliza mbele ya wenzake kama tumbo linamwendesha. Kilichotoka kilikuwa kidogo, na kesho yake kidogo zaidi.

"Mimi nilisema," bibi mtu alianza tena. "Hospitali wamemkata mtoto wa watu bure. Maziwa ni yale yale."

"Mama, walisema hayana neno."

"Siku ile. Leo je?"

Fundi alishona. Alijua. Huwezi kusema hakujua. Alikuwa ameshachungulia tena mdomo wa mtoto, na ule utando aliuona umerudi, mnene kuliko mwanzo. Lakini kila alipojiandaa kusema, aliuona uso wa mkewe akimwambia ubarikiwe, na moyo ukamnywea. Alijiambia wakifika kwa Mwalimu, Mwalimu atagundua, mambo yatajisema yenyewe.

Walikwenda. Mwalimu alimnyanyua mtoto kwa vicheko, akaingiza kidole, na vicheko vikakoma. Akapitisha kidole mara ya pili. "Umeshikana tena," alisema. "Nani alikuwa anafanya mazoezi?"

"Baba yake," mke alijibu haraka, kabla hata swali halijatua. "Hajakosa hata mara moja. Mimi niko kazini, yeye ndiye mama. Usimfikirie vibaya, Mwalimu, huyu amejitahidi kuliko mtu."

Mwalimu alimgeukia fundi, akamtazama. Alikuwa ameona familia nyingi, na labda alielewa. Lakini alikuwa pia mtu mwenye huruma, na huruma yake ikamfungulia fundi mlango wa kutorokea. "Hutokea," alisema polepole. "Kwa watoto wengine hurudi hata ukifanya kila kitu. Tutakata tena." Kisha akangoja.

Fundi alikuwa na ulimi mzima sasa. Hakuwa na kisingizio chochote duniani. Akatazama viatu vyake.

"Kama alifanya kila kitu na bado," mke alisema kwa sauti ndogo, "basi ni mimi."

*

Mtoto alikatwa mara ya pili, na safari hii fundi alifanya. Kila mara, bila kukosa, kilio kikipanda mpaka kwa majirani, machozi yake mwenyewe yakimdondokea mtoto kifuani. Bibi mtu hakusimama tena mlangoni. Kidonda kilibaki wazi, kikapona kama kinavyotakiwa kupona, na ulimi ukawa huru, ingawa Mwalimu alisema mazoezi yaendelee.

Ila maziwa hayakungoja. Muuguzi wa hospitali alijaribu kila alichokijua: kukamua mara kwa mara, maji ya moto, mtoto ngozi kwa ngozi na mama. Yalitoka matone, kisha jasho, kisha hayakutoka. Wakanunua maziwa ya kopo na chupa. Mtoto akanenepa. Kila aliyemwona alisema sasa mtoto amekuwa mtoto, na mke wa fundi alishukuru, akatabasamu, akaenda kuosha chupa.

Jumapili moja mchana jirani yao, mke wa kinyozi, alipita kuwasalimia. Akakaa, akapewa chai, akamsifu mtoto, na jicho likamwangukia kwenye chupa. "Hee, mapema hivi? Ziwa hataki?"

"Ziwa lina nini?" bibi mtu akadakia. "Tangu mwanzo nilisema, maziwa ya mwenzenu mepesi. Nikaonekana mchawi."

Fundi, kwenye cherehani yake, alisimamisha mguu. Alingoja jibu la mkewe. Mkewe hakosi jibu. Atasema habari za bomba, atasema lolote, watacheka, na chai itaendelea.

"Ni kweli, mama," mke alisema. Alikuwa akimnywesha mtoto, kichwa ameinamisha. "Ulisema ukweli. Mwili wangu tu haukujaliwa."

Lile ndilo lililomshinda. Matusi angeyavumilia, kilio angekivumilia. Kukubali kule hakuweza. Alisimama mpaka kiti kikaanguka.

"Sikumfanyia," alisema.

Wanawake wote watatu wakamtazama.

"Mazoezi. Ile mara ya kwanza. Nilifanya siku chache, nikaona damu, nikaacha. Kila uliponiuliza nilikudanganya. Utando ulirudi kwa sababu yangu, mtoto akashindwa kuvuta, ndiyo maana maziwa yamekauka. Maziwa yako hayakuwa na kosa. Hayakuwahi kuwa na kosa."

"Mwanangu," bibi mtu alisema, "mbele ya mgeni..."

"Na mama aliniona," fundi akamalizia. "Alikuwepo. Alijua."

Mke wa kinyozi aliweka kikombe chini taratibu, akasema amekumbuka kitu jikoni kwake, akaondoka bila kumaliza chai. Ndani ikabaki sauti ya mtoto akivuta chupa.

Mke hakuinua kichwa mpaka chupa ilipokwisha. Fundi alisubiri apige kelele. Alitamani apige kelele, atupe kitu, afunge mizigo yake, chochote kinachojulikana.

"Umesema vizuri," mke alisema mwishowe. "Nimesikia kila neno." Alimfuta mtoto kidevu. "Kule kazini, wakati najikamua, nilikuwa namwomba mtoto radhi. Nimejifungia chooni, watu wanagonga, na mimi naomba radhi. Naliambia ziwa langu, jamani hata leo tu. Na wewe uko hapa mbele ya kioo, unajifunza kusema."

"Nilimwonea huruma," fundi alisema.

"Najua. Mimi je?"

Mke alimnyooshea mtoto. "Saa yake imefika. Mfanyie. Mimi nakaa hapa, nataka kuona."

Fundi alinawa mpaka kwenye viwiko. Akamlaza mtoto mapajani, akaingiza vidole, akainua ulimi, na mtoto akapiga yowe. Mke hakugeuka. Alikitazama kile kidole kuanzia mwanzo mpaka mwisho, uso umekauka, kisha akasema, "Kumbe ni kazi fupi hivi," akamchukua mtoto begani.

Mtoto alikuwa bado analia. Akageuza uso huku na huku, akapekua nguo ya mama yake kwa pua, mdomo wazi. Mke akasita. Halafu akafungua vifungo, akampa. Mtoto akashika mara moja, kwa mdomo mpana, ulimi umetoka mbele sawasawa kama Mwalimu alivyowachorea, akavuta kwa nguvu.

"Haumi," mke alisema. Alimtazama mumewe, na hakukuwa na hasira usoni pake, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. "Ona. Haumi kabisa. Sasa anajua."

Mtoto akavuta, akavuta tena, akangoja. Akaachia, akamwangalia mama yake, akaanza kulia upya.

"Tengeneza chupa nyingine," mke alisema, akafunga vifungo vyake.